Kumpata Mwandishi wa Riwaya za Kusisimua na Wanaomsoma

Riwaya ya kusisimua humtia mhusika wake hatarini mapema, humzidishia hatari sura baada ya sura, na humwachia msomaji swali moja linalomfanya afunue ukurasa wa pili: huyu atatokaje? Katika Kiswahili riwaya hizi zina matawi matatu yanayoingiliana, yaani upelelezi, ujasusi na safari za hatari. Wahakiki huziweka chini ya jina pana la fasihi pendwa. Kwa muda mrefu jina hilo lilitamkwa kwa dharau kidogo, na riwaya nyingi za aina hii zilikaa nje ya orodha za vitabu vya shule hata pale wanafunzi walipozisoma kwa siri chini ya madawati.

Dharau hiyo imeacha matokeo ambayo msomaji wa leo hukutana nayo siku ya kwanza ya kutafuta. Vitabu vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilitolewa na kampuni ndogo, nyingine zikiwa za waandishi wenyewe, kwa karatasi hafifu na gundi isiyodumu. Kitabu kisichoingia darasani hupata chapa mpya kwa taabu, na mwenye kampuni akifariki, mara nyingi kampuni humfuata. Nakala nyingi zilizosalia zimo majumbani mwa watu. Kwa hiyo kumpata mwandishi na kuwapata wasomaji wenzake ni kazi moja: asiyejuana na wasomaji wengine atasoma vitabu viwili vya mwandishi wake kisha akwame.

Kwa nini kumfuata mwandishi

Jalada la riwaya ya kusisimua halisemi mengi. Bastola, mwanamke na gari linalowaka moto vimechorwa juu ya vitabu vizuri na vibovu sawasawa. Jina la mwandishi hubashiri vyema zaidi, kwa sababu waandishi wa fani hii hujenga mhusika mmoja na kumrudia: Bwana Msa, Willy Gamba, Joram Kiango. Msomaji aliyemzoea mhusika huacha kuhangaikia utambulisho wake na kuanza kufurahia namna anavyofikiri. Raha ya kitabu cha tatu haipatikani katika kitabu cha kwanza.

Matawi na watu wake

*Upelelezi.* Hapa jina la kwanza ni Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari na mhariri aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki 1991. Riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko, mtulivu, mwenye kuuliza maswali yanayoonekana hayana maana. Rafiki yake Najum hukisia vibaya kwa niaba ya msomaji. Kivuli cha Sherlock Holmes na Watson kinaonekana wazi, lakini Unguja ya vitabu hivi haikukopwa kokote: mashamba, koo, mirathi, minong'ono ya ukoo, na imani za mizimu ambazo Bwana Msa huzivunja kwa hoja. *Kisima cha Giningi* (1968) kinachukua jina la mahali panapohusishwa na wachawi katika simulizi za visiwani, kisha kinatafuta sababu za kibinadamu. Baada yake vikafuata *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984).

Bara, *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965 ndiyo inayotajwa zaidi kama mwanzo wa riwaya ya upelelezi. Inspekta Wingo hana utulivu wa Bwana Msa. Jiji lake lina simu, magari na haraka. Msomaji anayeona Unguja ya Bwana Msa inakwenda polepole mno aanzie hapa. Eddie Ganzel na Hammie Rajab ni majina mawili yanayofuata katika mkondo huo wa bara.

*Ujasusi.* Tawi hili lina sababu ya kuota Dar es Salaam. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake jijini humo kuanzia 1963 hadi 1994. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipita na kuishi pale, na popote walipo wapigania uhuru hawakosekani wapelelezi wa adui. Elvis Musiba aliichukua hali hiyo akaitia katika riwaya. Willy Gamba ni mtumishi wa serikali: hutumwa, hufanya kazi, hurudi. *Kufa na Kupona* (1974) inampeleka Nairobi, na *Kikosi cha Kisasi* (1979) Kinshasa. Kisha zipo *Njama*, *Hofu* na *Uchu*. Anayetaka kujua jinsi Vita Baridi na ubaguzi wa rangi vilivyoonekana kwa macho ya Mswahili wa kawaida atapata mengi zaidi humu kuliko katika vitabu vingi vya kiada.

Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kasulu, Kigoma, mwaka 1958, aliyefariki 2008, alimleta Joram Kiango. Huyu hatumwi na mtu. Ni mpelelezi wa kujitegemea, mtanashati, mpenda anasa, ambaye polisi humhitaji na kumshuku kwa wakati mmoja. Inspekta Kombora huvumilia mengi kwa ajili yake, na Nuru, mwanamke anayefanya naye kazi, ana akili na ujasiri wa kwake. Katika *Tutarudi na Roho Zetu?* adui ni utawala wa Makaburu. Vitabu vingine vya Mtobwa ni *Salamu Kutoka Kuzimu*, *Pesa Zako Zinanuka*, *Lazima Ufe Joram* na *Malaika wa Shetani*. *Dar es Salaam Usiku* haina haraka ya kijasusi ya vitabu hivyo, lakini kwa maoni ya mwongozo huu ndiyo iliyoandikwa kwa jicho kali kuliko zote, na imetafsiriwa kwa Kiingereza.

*Safari za hatari.* Tawi hili ni dogo kwa Kiswahili, na sehemu yake kubwa ilianza kwa tafsiri. *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, kutoka kwa H. Rider Haggard, ilitoka 1929, na *Kisiwa chenye Hazina*, kutoka kwa Robert Louis Stevenson, ni ya zama hizohizo. Vizazi vya wanafunzi vilijifunzia kusoma kwa vitabu hivi. Haggard asomwe kwa macho mawili: moja kwa mbio za hadithi, la pili kwa namna anavyowaweka Waafrika pembeni ya safari inayofanyika katika bara lao.

Kwa waandishi wa karne hii, Hussein Tuwa ndiye mlango mzuri. *Mkimbizi*, *Mfadhili*, *Mtuhumiwa* na *Utata wa 9/12* ni vitabu vya taharuki vilivyoandikwa kwa msomaji anayejua filamu za leo.

Hatua za kumpata mwandishi

1. Msomaji aandike hadithi tatu zilizowahi kumnyima usingizi. Si lazima ziwe vitabu; filamu au mchezo wa redio unatosha. Kando ya kila moja aandike kilichomshika: fumbo, mapigano, mahali, au mhusika mwenyewe.

2. Achague tawi kwa orodha hiyo. Mpenda fumbo aende kwa Bwana Msa. Mpenda mbio na mapigano aende kwa Willy Gamba. Mpenda mhusika mwenye kasoro aende kwa Joram Kiango.

3. Asome kurasa hamsini kabla ya kutoa hukumu. Muhammed Said Abdulla hutandika mkeka taratibu. Anayemwacha ukurasa wa kumi hajamsoma. Mtobwa, kwa upande wake, asipomshika mtu katika kurasa kumi na tano, huenda asimshike tena.

4. Cha pili kiwe cha mwandishi yuleyule lakini cha miaka ya mbali. Kati ya *Mzimu wa Watu wa Kale* na *Kosa la Bwana Msa* imepita zaidi ya miaka ishirini. Vitabu viwili vya namna hiyo huonyesha kama kilichopendwa ni mwandishi au ni kitabu kimoja tu.

5. Afungue daftari lenye safu tano: jina la kitabu, mwaka, mchapishaji, alipokisoma, na nani anacho. Safu ya mwisho huonekana ya ziada mwanzoni. Baada ya vitabu vinne au vitano ndiyo inayotazamwa kwanza.

6. Atafute waliomtangulia na waliomfuata mwandishi huyo. Wasomaji wa rika la wazee watamwambia habari za Lance Spearman, shujaa wa magazeti ya picha yaliyosambaa Afrika Mashariki miaka ya 1960 na 1970. Vijana watamtajia hadithi za mfululizo magazetini na kwenye simu.

> PA KUANZIA
>
> Anayesoma Kiswahili kwa shida kidogo: *Simu ya Kifo*. Sentensi fupi, mambo ya jiji.
>
> Anayependa lugha tamu: *Mzimu wa Watu wa Kale*. Mtu wa bara awe na Kamusi ya Kiswahili Sanifu karibu.
>
> Anayependa siasa na historia: *Kikosi cha Kisasi*.
>
> Asiyeamini kwamba riwaya pendwa ni fasihi: *Dar es Salaam Usiku*.

Kupata nakala

Duka la vitabu vipya liulizwe kwanza, kwa sababu baadhi ya riwaya hizi zimepigwa chapa upya. East African Educational Publishers ya Nairobi, kwa mfano, ilirudisha sokoni baadhi ya vitabu vya Mtobwa, na *Kisima cha Giningi* hakijasahauliwa na wachapishaji. Jijini Dar es Salaam, duka la vitabu la TPH katika Mtaa wa Samora ni pa kuanzia. Muuzaji apewe jina la kitabu na la mwandishi kwa maandishi, maana jina likitajwa kwa mdomo hukosewa, na jibu huwa "hakuna".

Baada ya duka ni maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ya Tanzania, iliyofunguliwa Desemba 1967 katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina vitabu ambavyo madukani vimesahaulika, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hifadhi ya machapisho ya Afrika Mashariki. Nairobi kuna maktaba ya McMillan, ya mwaka 1931, na maktaba za huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya. Nakala adimu mara nyingi husomewa hapohapo bila kuazimwa, hivyo msomaji apange nusu siku.

Kisha ndiyo wauza vitabu wa kando ya njia, Posta na Kariakoo kwa Dar es Salaam, na katikati ya jiji kwa Nairobi. Hapa bei ni ya maelewano, na muuzaji akiona mteja amefurahi sana bei hupanda. Aliyezoea hukishika kitabu anachokitaka pamoja na viwili asivyovitaka, huuliza bei ya vyote, kisha huacha viwili.

Nakala ya zamani isilipiwe kabla ya ukaguzi huu:

☐ Kurasa za mwisho zipo. Vitabu vya gundi hupoteza kurasa kuanzia nyuma, na riwaya ya upelelezi bila kurasa nne za mwisho ni adhabu.

☐ Namba za kurasa zimefuatana katikati. Mkunjo mmoja ukidondoka, kurasa kumi na sita huondoka pamoja.

☐ Ukurasa wa hakimiliki upo, na mwaka wa chapa unasomeka.

☐ Jina la ndani linalingana na la jalada. Majalada yaliyong'oka hubandikwa penye kitabu kingine.

☐ Uti wa kitabu hauna vumbi la mchwa. Mchwa mmoja akiingia rafuni hachagui mwandishi.

☐ Maandishi si ya fotokopi. Nakala ya kopi hutambulika kwa weusi wa pembeni mwa ukurasa na mstari unaopanda kidogo kuelekea juu.

> ONYO: HAKIMILIKI
>
> Kwa sheria za Tanzania na Kenya, kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Vitabu vya Muhammed Said Abdulla, aliyefariki 1991, vinalindwa hadi 2041. Vya Mtobwa hadi 2058. Kupiga picha kitabu kizima na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp ni kuwaibia warithi, hata kama kitabu hakipo madukani. Kuazimana nakala halali ni ruhusa.

Kuwapata wasomaji wenzake

Wasomaji wa riwaya hizi wapo wengi kuliko wanavyojionyesha. Walimu wa Kiswahili, madereva wa masafa, askari wastaafu, mafundi wa redio: muulize mtu aliyekuwa kijana mwaka 1982 kama anamjua Willy Gamba, uone uso unavyobadilika. Kinachokosekana ni kuulizwa.

Njia ya haraka ni muuza vitabu mwenyewe. Yeye anajua nani huja kuuliza kitabu gani, na akiachiwa namba ya simu na ujumbe mfupi ("natafuta Mtobwa, na ninavyo viwili vya kuazima") huunganisha watu bila malipo, maana wateja wakijuana biashara yake hukua. Maktaba nyingi zina ubao wa matangazo. Jijini Dar es Salaam, Soma Book Café ya Mikocheni imekuwa mahali pa mazungumzo ya vitabu. UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya nchini Tanzania, huwaweka wasomaji karibu na waandishi walio hai. Hafla za tuzo, kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyozinduliwa 2022, na uzinduzi wa vitabu vipya, huwakutanisha watu wa fani hii chini ya paa moja. Anayekwenda na daftari lake harudi mikono mitupu.

Mswahili aliye Muscat, London au Minneapolis ana ugumu wa umbali, lakini ana maktaba. Maktaba ya SOAS, London, ina hazina kubwa ya riwaya za Kiswahili, na Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa ikikusanya machapisho ya Afrika Mashariki kupitia ofisi yake ya Nairobi tangu miaka ya 1960. Kinachomsaidia zaidi, hata hivyo, ni jamaa anayesafiri akiwa na nafasi ya kilo mbili kwenye sanduku.

Kuanzisha kundi dogo

Mahali pasipo na kundi, watu wanne wanatosha. Kundi la arobaini huwa la salamu za asubuhi na picha za maua.

1. Kichaguliwe kitabu ambacho nakala zake hazipungui mbili. Nakala moja kwa watu wanne humaanisha wa mwisho atasubiri hadi wenzake wasahau.

2. Iwekwe ratiba ya kupokezana: wiki mbili kwa kila msomaji, na tarehe iandikwe kwenye karatasi iliyobanwa ndani ya jalada.

3. Kila kitabu kivishwe karatasi ya nje, na mwenye nakala aandike jina lake kwa penseli ukurasa wa ndani. Kalamu ya wino hushusha thamani ya nakala adimu.

4. Kwa riwaya ya upelelezi, wote waache kusoma kabla ya sura ya mwisho. Wakikutana, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi jina la anayemshuku na sababu moja, karatasi zikunjwe na kuwekwa ndani ya bakuli. Kisha mmoja asome sura ya mwisho kwa sauti. Baada ya hapo karatasi zifunguliwe. Bwana Msa anafaa sana kwa mchezo huu, kwani dalili zake nyingi hutolewa wazi mbele ya msomaji, na ubishi huwa ni nani alizipuuza.

5. Maswali ya mazungumzo yawe machache na yenye makali. Je, shujaa alishinda kwa akili au kwa bahati? Dalili zilitolewa kwa haki? Wanawake wa kitabu hiki wanafanya nini zaidi ya kuwa chambo au zawadi ya mshindi? Swali hilo la mwisho huwasha moto kwa Musiba na Mtobwa, na lina haki ya kuulizwa: katika vitabu vingi vya zama zile wanawake hupendeza, husaliti au hufa, na Nuru amesimama karibu peke yake.

6. Mwisho wa kila kikao, kila mtu ataje kitabu kimoja anachokitafuta. Hapa ndipo safu ya tano ya daftari hujazwa.

Makosa ya kawaida

Kutoboa siri ni kosa la kwanza. Katika kundi la simu, anayetaka kuzungumzia mwisho wa kitabu atangulize jina la kitabu na neno la tahadhari, kisha aache mistari mitupu kadhaa. Anayeharibu uhondo mara mbili aombwe kwa upole kusubiri kikao.

Kukusanya bila kusoma ni ugonjwa wa wenye fedha. Rafu yenye vitabu vyote vya Willy Gamba, bila hata kimoja kilichofunguliwa, haimpi mtu la kusema mbele ya wasomaji.

Wengine hushindanisha waandishi hadi kugombana. Musiba au Mtobwa? Ubishi huu una umri wa miaka mingi na hautaisha; ufae kwa kicheko cha dakika kumi, kisha watu warudi kwenye kitabu.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuazima bila kurudisha. Kitabu adimu kikipotea, kundi zima hupoteza imani, na wenye nakala nyingine huzificha. Anayepoteza atafute nakala mbadala kabla ya kulipa fedha, kwa sababu fedha peke yake hainunui kilichokwisha sokoni.

Kumfikia mwandishi na mchapishaji

Waandishi walio hai wengi huuza vitabu vyao wenyewe na hujibu ujumbe wa wasomaji. Ujumbe mzuri hutaja kitabu kilichosomwa, mahali kilipomgusa msomaji, na swali moja. Kuomba nakala ya bure katika ujumbe wa kwanza hufunga mlango.

Kwa waliokwisha kufariki, anayeandikiwa ni mchapishaji wao au warithi. Barua ya "tunaomba mrudishe vitabu vya zamani" huwekwa kando. Yenye majina ya vitabu, idadi ya nakala ambazo kundi litanunua, na duka litakalozipokea, hiyo ndiyo inayoweza kufika kwenye meza ya hesabu. Kundi lenye watu kumi waliokwisha kuchanga liandike hata leo.